Kazi ya Mkono wa Kushoto

Baba yangu alipiga kinanda kanisani Machame tangu kabla sijazaliwa, mpaka kiharusi kilipomchukua mkono wa kushoto. Mama alikuwa amefariki miezi michache tu kabla ya hapo. Tulimzika kihambani, nyuma ya nyumba, kati ya migomba aliyoipanda mwenyewe.

Mwaka ulipokaribia kutimia tangu mazishi, tukaanza kupanga ibada ya kuweka msalaba kaburini. Baba akataka jambo moja tu: siku hiyo ampigie mama ule wimbo wake. Ulikuwa muziki wa piano wa zamani, wa Ulaya, wa taratibu, ambao mama alikuwa akiusikiliza kutoka jikoni huku akimenya ndizi. Unataka mikono miwili.

"Wewe si una lile lifidla lako?" aliniambia. "Upange, tupige wawili."

Lifidla ni chelo, ninayoipiga nimeikalisha katikati ya magoti, na ambayo baba hajawahi kuisamehe kwa ukubwa wake. Nilikubali kwa majivuno. Nafundisha muziki mjini Moshi, nikaona hii ni kazi ya mikono yangu.

Ilinichukua wiki tatu. Noti ambayo kwenye piano kidole huigusa na kuiacha, kwenye chelo upinde lazima uivute hadi mwisho, kwa hiyo nilipunguza hapa, nikarefusha pale. Sauti inayoimba niliipa chelo, nikaishusha hadi kwenye nyuzi nene. Baba nikamwachia besi, noti tatu tatu, rahisi kwa mkono mmoja, nikaziandika kwa herufi za solfa, do re mi, kama alivyozoea kwayani.

Alipiga mistari miwili, akafunika kinanda.

"Nimekosea wapi, baba?"

"Mkono wa kulia ndio uliokuwa ukimwimbia mama yako. Wa kushoto ulikuwa ukiusindikiza tu. Wa kushoto umekufa. Sasa huu uliobaki hai umeupa kazi ya marehemu."

Nilikasirika, sitaki kudanganya. Wiki tatu zangu! Niliondoka bila kuaga, nikanuna siku nne nzima mjini. Lakini kila nilipokamata upinde nilijua amesema kweli. Nilikuwa nimemnyang'anya mzee sauti yake, tena nikitegemea shukrani.

Siku ya tano nilipanda Machame. Mpakani mwa kihamba nikachuma jani la isale, nikalifunga fundo. Kwetu anayeletewa isale hana njia ya kukataa kusamehe. Nilimkuta bandani akimlisha ng'ombe majani ya migomba kwa mkono mmoja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akaliangalia lile jani. "Isale, kwa ajili ya wimbo tu?"

Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu tumzike mama. Nami nikalia mbele ya ng'ombe.

Nikaupanga upya: yeye aimbe kwa mkono wa kulia, chelo ishike besi. Ile karatasi ya kwanza sikuiulizia tena.

Siku ya ibada tulitoa kinanda nje, waya wa umeme ukapita chini ya migomba hadi karibu na kaburi. Mchungaji alipomaliza kuuombea msalaba, baba akaanza. Alipiga polepole kuliko tulivyofanya mazoezi. Nilimfuata kwa chini, nikisikia wanawake nyuma yangu wakipenga makamasi.

Katikati ya wimbo vidole vyake vikaanza kuchelewa. Akakosa noti, akakosa ya pili, kisha akaacha kupiga. Niliendelea na besi yangu peke yake, nikiona aibu kwa ajili yake na kuogopa kumtazama.

Ndipo nikasikia noti tatu kutoka upande wa sauti nzito wa kinanda. Kisha tatu nyingine. Zilikuwa zile zile nilizomwandikia mwanzo, kwenye karatasi aliyoikataa, na alizijua zote kwa moyo.

"Mwimbie," alisema bila kugeuka. "Mimi nitakusindikiza."

Nikapandisha upinde, nikamwimbia mama.