Kalamu ya Radi Yagoma Uani mwa Hekalu

Saa tano asubuhi, nyuma ya jukwaa la vikaragosi uani mwa hekalu moja mjini Tainan, Taiwan, Lai Su-hun anaweka ncha ya kalamu kwenye kibao chake cha kuchorea na kuituliza tuli. Spika zinanguruma radi ambayo hakuichora. Anamtupia jicho mzee anayepiga gongo, ile sahani kubwa ya bati.

"Kompyuta haina akili ya kunichokoza," anasema. "Binadamu anayo."

Su-hun, 44, ndiye mtu wa sauti wa kikundi hiki. Akiiburuta kalamu, upepo unavuma. Akiikandamiza, radi inapiga. Programu aliiandika mwenyewe, miaka sita iliyopita, kwenye kompyuta kuukuu ya Linux.

Onyesho ni saa nane mchana. Jana kwenye mazoezi kibao kilileta ukorofi, na kamati ya hekalu ikasema kikirudia, zitapigwa kanda za zamani. Kanda hazimhitaji Su-hun.

Mshukiwa wake ni Tsng Bun-tek, 71. Kabla ya kibao, radi ilikuwa kazi ya gongo lake. Juzi, jukwaa lilipokuwa likisimamishwa, Su-hun alimkuta akipapasa meza yake.

"Akaniambia anatafuta miwani. Miwani alikuwa ameivaa!"

Anaanza na programu. Anaifunga kabisa, kisha anaiamuru kompyuta imwonyeshe namba zinavyotoka kwenye kibao, kabla programu yoyote haijazigusa. Kalamu imetulia, namba zinarukaruka. Anabadili waya, anabadili tundu. Bado. Basi uongo unatoka kwenye kibao chenyewe.

"Mjomba, umenifanyia nini hapa?" anamuuliza mzee Tsng.

"Mimi? Simu yenyewe nawashiwa na mjukuu!"

"Juzi ulishika meza yangu."

Mzee anakohoa kikohozi kisicho na mafua. "Haya, inua hicho kibao."

Chini yake kuna pakiti ya kijani ya vitafunio vya mahindi, imelazwa kama barua. Jina la vitafunio hivyo maana yake ni "uwe mtiifu", na huku hakuna fundi asiyeweka pakiti ya kijani karibu na mashine, kama hirizi, ili isilete ukorofi. Su-hun mwenyewe ameweka moja juu ya kompyuta. Lakini ndani pakiti ina utando wa bati, na bati chini ya kibao huivuruga kalamu.

"Kompyuta uliipa, kibao ukakinyima," mzee anajitetea. "Nikaona kitanuna. Ningekwambia, ungenicheka."

Su-hun anaitoa. Namba zinatulia tuli.

"Niliona aibu, sikuweza kumtazama usoni," anasema baadaye. "Siku mbili nimemnunia mtu aliyekuwa akiniombea heri."

Msimu ujao anataka kuiandika programu upya, aifunge maikrofoni kwenye gongo, ili kalamu isitoe radi mpaka gongo lilie kwanza. "Aanze yeye, mimi nimfuate."

Saa nane kasorobo anaitundika pakiti ile kwenye fremu ya gongo. Mzee Tsng anaikagua mbele na nyuma, uso umemkunjamana.

"Hun, gongo langu pia ni bati," anasema. "Una hakika hunilipizi?"