Nyamizi wa Kwenye Kaseti

Enzi zetu gemu haikuwa kitu cha kila mtu kutembea nacho mfukoni. Mtaani kwetu Isevya, kwa tulivyojua sisi watoto, ilikuwa moja tu, na ilikaa sebuleni kwa Mama Zuhura. Mumewe alikuwa fundi wa reli, na safari moja alirudi na boksi lenye mashine ndogo ya kijivu, pedi mbili na kaseti ya njano. Kaseti moja, si tatu wala nne. Watoto wa leo wana gemu mia kwenye simu na bado wanalalamika kwamba wameboreka. Sisi ile moja tuliicheza kuanzia darasa la tatu hadi la sita, na hatukuimaliza.

Kuingia kwa Mama Zuhura kulikuwa na masharti. Unaosha miguu bombani, unatoa shikamoo ya kusikika, unakaa mkekani na si kwenye kochi. Adhana ya magharibi ikianza, mashine inazimwa hata kama umebakiza hatua moja. Sisi tuliokuwa Wakatoliki tulizijua saa za swala kuwashinda baadhi ya watoto wa nyumba ile, maana ndizo zilizoamua nani anacheza leo na nani anasubiri kesho. Na usije na vidole vichafu. Kaka yangu Petro aliwahi kula matobolwa, vile viazi vitamu vya kukausha, aliyoyachovya kwenye asali, kisha akashika pedi, na kitufe cha kurukia kikanata kabisa. Mama Zuhura alikisafisha kwa kijiti na mafuta ya taa huku akitusema.

"Nyie watoto wa Mama Petro, hivi kwenu hamna maji?"

Maji yalikuwepo. Ni sisi tu tulikuwa na haraka.

Kaseti yenyewe ilitaka kubembelezwa. Unaitoa, unaipuliza chini kama unayechochea mkaa, unaichomeka, unaona skrini ya buluu tupu, unaitoa tena. Ikikubali, unausikia ule wimbo wake, tirutiru tirutiru, na watoto kumi mkekani wananyamaza kwa pamoja. Kila mtu ana roho moja. Ukifa unampisha mwenzako. Hakuna kuhifadhi ulipofikia. Umeme ukikatika, na ulikatika sana, kesho mnaanza mwanzo kabisa.

Ndani ya gemu alikuwemo mtu mmoja mdogo. Alikuwa vidoti tu: vidoti viwili vya macho, vichache vyekundu vya nguo, na juu ya kichwa boksi la kahawia. Alitembea kutoka kushoto kwenda kulia, siku zote, na boksi lake. Mara kwa mara alisimama, na chini ya skrini yakajitokeza maandishi ambayo hakuna aliyeyajua. Hayakuwa Kiswahili, hayakuwa Kiingereza, wala hayakuwa Kiarabu, kwa sababu watoto wa Mama Zuhura waliokuwa wanasoma Kurani chuoni waliyatazama wakatikisa vichwa. Yalikuwa kama njiti za kiberiti zilizomwagika.

Ni Kaka Petro peke yake aliyeyasoma.

Alikuwa amenizidi miaka mitatu, na mambo mengi niliyoyaamini utotoni niliyaamini kwa sababu yalitoka kinywani mwake. Alisogea karibu na skrini, akafinya macho, akasoma kwa sauti nzito kama katekista: "Anasema, mimi ni Nyamizi, natoka Unyanyembe. Nimekwenda Uvinza kuchukua chumvi, sasa ninaipeleka pwani." Tukamuuliza Nyamizi ndiye nani. Akasema ni bibi wa bibi yetu, alikuwa mpagazi kwenye misafara, alitembea kwa miguu hadi pwani akarudi. Zuhura akauliza imekuwaje bibi wa bibi yetu akawekwa kwenye gemu. Kaka akamjibu kwamba watu mashuhuri ndivyo wanavyofanyiwa. Siku hiyo nilirudi nyumbani nikitembea kwa maringo.

Basi tuliicheza gemu ile kama habari ya ukoo. Ardhi nyeupe ya hatua ya kwanza ilikuwa chumvi ya Uvinza. Miti iliyopangana ilikuwa miembe ya njia ya misafara, kama hii tuliyo nayo mjini hadi leo. Na hatua ya tano ilikuwa daraja. Ulikuwa ukilikanyaga tu, linaanza kukatika nyuma yako, na ukiruka na boksi kichwani hufiki ng'ambo. Tulikufa pale mamia ya mara. Aliyegundua dawa ni Kaka: bonyeza kitufe cha kushoto, boksi linatupwa ng'ambo, kisha wewe uruke mikono mitupu. "Rusha mzigo kwanza," alikuwa akinipigia kelele, "halafu uruke!"

Nimeishi na maneno hayo. Niliyatumia nilipofeli mtihani wa kidato cha nne na nilipoacha kazi ya kwanza iliyokuwa ikiniua. Niliyatumia kwenye chumba cha kujifungulia, uchungu ulipofika siku ya pili, na binti aliyetoka siku ile nikamwita Nyamizi. Amekua akiisikia habari ya daraja kila anapotaka kukata tamaa. Mwaka huu yuko kidato cha kwanza, na mwalimu wao wa Historia alipowaambia waeleze jambo moja la ukoo wao, binti yangu alisimama akaeleza jinsi Nyamizi wa kwanza alivyovuka daraja lililokuwa likikatika na mzigo wa chumvi. Darasa zima lilimpigia makofi. Alirudi akinihadithia huku akirukaruka, na mimi nikavimba kichwa.

Sasa sikilizeni yaliyonikuta. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alikuja kututembelea kutoka Dar na mashine yake ya gemu begani. Jumapili baada ya misa nilikuwa napiga pasi sare za shule, yeye na binti yangu wako sebuleni. Nikasikia wimbo. Haukuwa tirutiru. Zilikuwa zeze na tarumbeta na ngoma kubwa, lakini mkono ukaniganda na pasi juu ya sketi, kwa sababu wimbo ulikuwa ule ule.

Nikaenda kuchungulia. Shemeji akaniambia, "Shemeji, hii ni gemu ya zamani sana, wameitengeneza upya. Inatesa kinoma. Na kuna muendelezo wake, wa pili na wa tatu."

Ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Maji yalikuwa maji. Majani yalitikisika. Pembeni kulikuwa na mshale unaomwonyesha mtoto aende wapi, maana vijana wa sasa bila mshale hawafiki hata dukani. Ukifa unaanzia pale pale ulipofia, na kila baada ya dakika mbili mashine inakuhifadhia bila kuombwa. Sikuona mtu akihangaika. Lakini nilimtafuta Nyamizi na sikumwona. Aliyekuwa anatembea kutoka kushoto kwenda kulia alikuwa kijana wa Kizungu mwenye ndevu changa, koti jekundu, na boksi amelibeba mgongoni kwa mikanda.

"Huyu ni nani?" nikauliza.

Binti yangu akanisomea, maana sasa maandishi yako kwa Kiingereza. Ni mwanafunzi wa fundi saa. Ndani ya boksi kuna saa anayoipeleka kwa mfalme. Ile nyeupe ni theluji. Ile miti ni misonobari.

Nikakaa kwenye mkono wa kochi. Kijana akafika kwenye daraja, kamba zikaanza kukatika nyuma yake. Shemeji akahangaika na pedi, na mimi mdomo ukanitoka kabla sijauzuia.

"Rusha mzigo kwanza, halafu uruke!"

Akarusha. Akaruka. Akafika. Shemeji akanigeukia kwa heshima mpya kabisa. Binti yangu hakuwa akimtazama yeye wala skrini. Alikuwa ananitazama mimi.

"Mama," akasema taratibu, "hili si daraja la bibi?"

Nikajifanya naangalia skrini.

"Mama, kwa hiyo mimi nimepewa jina la mtu wa kwenye gemu? Na nimesema mbele ya darasa zima?"

Nilitaka kucheka na nikashindwa. Kulia pia nilishindwa. Kichwa kilikuwa kimenichanganyika kabisa: nilijua tangu utotoni kwamba kaseti ile ilikuwa gemu, sikuwa mjinga, lakini mahali fulani kati ya darasa la sita na utu uzima nilikuwa nimeisahau kaseti na kubaki na bibi. Nilipolikumbuka lile daraja nililiona la miti na kamba, lenye mto chini, nikaona na kanga ya Nyamizi imeloa. Vidoti sikuviona tena. Nilichukua simu nikampigia Kaka Petro, ambaye siku hizi yuko Ziba na ng'ombe wake na alizeti yake, nikaweka sauti ya nje ili mtoto asikie.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, Agi. Kwema huko?"

"Kaka, unaikumbuka gemu ya kwa Mama Zuhura?"

Alicheka hadi akakohoa. Akakumbuka asali, akakumbuka kitufe kilichonata, akauliza hali ya Zuhura. Nikamwacha amalize, kisha nikamuuliza kama Nyamizi alikuwa mtu wa kweli. Nilisikia ng'ombe nyuma yake.

"Jina ni la kweli," akasema. "Bibi alikuwa akilitaja akimenya karanga. Nyamizi hivi, Nyamizi vile. Alikuwa anaongea Kinyamwezi cha ndani, na mimi nilikuwa nasubiri karanga tu."

"Na kwenda pwani?"

"Hilo nadhani Bibi alilisema. Au niliunganisha mwenyewe. Wakati ule shuleni tulikuwa tunasoma habari za misafara."

"Na daraja?"

"Daraja si la gemu, Agi? Ingawa... Bibi alisimulia kitu kuhusu mto. Ngoja. Hapana. Dada, mimi mwenyewe sijui nilianza na kipi."

"Na kurudi nyumbani? Ulituambia alirudi, akakuta wanawe wamekua, akawagawia chumvi. Hiyo ilikuwa kwenye hatua gani?"

"Hatua gani! Sisi tuliwahi kupita hatua ya sita? Umeme ulikuwa unakatika, wewe unaangua kilio kwamba Nyamizi amebaki gizani peke yake, unakataa kuondoka kwa watu. Mama Zuhura anataka kufunga mlango wake. Nikawa nakuambia njiani kwamba amefika salama, ndiyo unatembea. Ningefanyaje?"

Nilimshukuru, sijui kwa lipi, nikakata simu. Niliwahi kumkasirikia kaka yangu kwa mambo mengi na hili nililitazama kila upande nikakosa pa kulishikia. Alinidanganya, na alinifikisha nyumbani.

Jioni ile shemeji aliimaliza gemu. Nilikaa nikatazama mwisho ambao miaka mitatu ya mkekani haikutufikisha. Yule kijana anafika kwa mfalme, saa inagonga, watu wanashangilia, kisha majina ya waliotengeneza yanapanda juu, mengi ajabu. Kwao hakurudi. Nikauliza kwa nini hakurudi, shemeji akasema labda kwenye muendelezo. Watoto wa sasa wameletewa kila kitu hadi mwisho wake, kwa picha safi, na wakimaliza wanasema ilikuwa poa wanafungua nyingine. Sisi ilitukatikia njiani tukaimalizia kwa mdomo kati ya kwa Mama Zuhura na kwetu, vumbi miguuni. Siku zote nimesema yetu ndiyo ilikuwa ya asili na hizi za leo ni za kutengenezwa upya. Sasa sijui. Inaonekana ya kwetu ilikuwa imeshatengenezwa upya siku ile ile ya kwanza, na fundi wake alikuwa mtoto wa darasa la sita.

Binti yangu aliniacha hadi mgeni alipokwenda kuoga. Hakuwa na hasira tena, na hilo lilinisumbua zaidi.

"Mama, basi tuache daraja," akasema. "Yule Nyamizi wa kweli, aliyekuwa anatajwa na bibi yako, alikuwa nani?"

Nikafungua mdomo. Miaka zaidi ya thelathini nimekuwa msemaji wa Nyamizi, kwenye harusi, kwenye misiba, kitandani kwa mtoto mgonjwa. Ya huyo wa kweli nilikuwa sijui hata moja.

Ndipo nilipokumbuka ile siku ya kujifungua, mchana, mama yangu amekaa pembeni ya kitanda na mtoto mikononi. Nilimwambia nitamwita Nyamizi. Mama, Mungu amrehemu, alishtuka akanitazama. "Jina hilo umelipata wapi, mwanangu?" akauliza. "Nyamizi unamjua wewe?" Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na ninaona sasa kwamba alikuwa anajiandaa kuniambia jambo. Nikamwambia namjua sana. Kisha nikamsimulia mimi, kuanzia chumvi hadi daraja, hatua kwa hatua, naye akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Haya, mwanangu," akamfunika mtoto vizuri.