Bati Ndani ya Pipa

Jana jirani yangu alikuwa akipasua mbao za podo, na harufu yake ikaingia mpaka jikoni kwangu. Ni harufu tamu yenye ukali kidogo, na wengi huipenda. Mimi nilifunga dirisha nikakaa, chai ikapoa mbele yangu. Wajukuu wamenizoea. Husema nyanya ameenda Kericho tena, na kweli nilikuwa nimekwenda.

Baba yangu alikuwa seremala katika shamba la chai huko Kericho, miaka ile msitu ulipokuwa bado unafyekwa ili miche ipandwe. Kazi yake ilikuwa kutengeneza masanduku ya kupakia chai. Nyumba yetu iliegemea karakana, na msumeno mkubwa wa injini ulipoanza kulia asubuhi, unga wa mbao ulipenya kwenye nyufa ukatua juu ya kila kitu: kwenye maziwa, kwenye blanketi, hata kwenye kope zetu. Mama alisema sisi ni watu wa kula wimbi na podo, nusu kwa nusu. Tulicheka, maana tungefanya nini?

Baba ndiye aliyemleta mdogo wake, Chumo, kufanya kazi pale. Baba Mdogo alikuwa na kifua kipana na kicheko cha kuamsha kuku. Alisimama karibu kabisa na msumeno, akipokea mbao. Baada ya misimu michache ya mvua akaanza kukohoa, akakonda, akafa. Hakuna aliyetaja vumbi. Walisema ni kifua, kana kwamba kifua hujiamulia chenyewe.

Kisha ndugu yangu akazaliwa. Kwetu Wakipsigis, mtoto mchanga hutajiwa majina ya waliokufa, moja baada ya jingine, na akipiga chafya jina fulani likitajwa, basi huyo ndiye aliyerudi. Mtajaji alikuwa Kogo, yaani nyanya yetu aliyemzaa baba. Aliwataja wazee wote wa ukoo, mtoto akamtazama tu. Alipochoka, akalitaja kwa sauti ya chini jina la Chumo, nadhani kwa uchungu tu wa mama. Wakati huohuo baba alisukuma mlango ili aweke kuni, koti lake likiwa limejaa unga wa mbao. Mtoto akapiga chafya.

Wanawake walishangilia. Kogo alilia, akamwita mtoto mwanangu. Baba alibaki ameshika mlango, akalitazama koti lake, akamtazama mtoto, akalitazama koti tena. Tangu siku hiyo hakuingia nalo ndani, lakini haikusaidia kitu. Kabla mtoto hajajua kukaa, alianza kukohoa, kikohozi kikavu cha mtu mzima. Tukikisikia, kila mtu aliacha alichokuwa akifanya, kwa sababu tulikijua. Niliogopa kumbeba. Niliona kama nimembeba mtu tuliyekwisha kumzika.

Baba alikwenda kwa Odera, fundi wa injini aliyetoka upande wa ziwa.

"Kama ni yeye amerudi," alimwambia, "amerudi kwa vumbi ileile ilimtoa. Sitaki imchukue mara ya pili."

Odera alikuwa Mkristo wa kusali hata kabla ya kuwasha injini, na mambo ya waliorudi hakuyataka. Hata hivyo hakubisha. Alimletea pipa tupu la mafuta.

Walilitoboa ubavuni, wakaleta bomba kutoka kwenye msumeno, na juu wakaweka feni iliyozungushwa na mkanda wa injini, ivute upepo na kuutoa nje. Vumbi lilitakiwa lizunguke humo, lichoke, lianguke chini. Liliingia, likazunguka, likaanguka vizuri. Kisha upepo uleule ukashuka, ukalizoa na kulirusha nje, nalo likaturudia dirishani. Mama akasema angalau sasa limejifunza adabu ya kuzunguka nyumba kabla ya kuingia.

Baba akatafuta bati kuukuu, akalinyoosha kwa nyundo na kulikata duara, likae katikati ya pipa kama dari, vumbi likishapita chini upepo usilifuate. Alipoacha tundu moja katikati, vumbi lilirundikana juu ya bati. Alipotoboa matundu mengi, upepo ulipita nalo. Mimi ndiye niliyemshikia bati akikata, na nilimsikia akinong'ona, "Hapa je?" kisha akingoja. Swali halikuwa langu. Odera akisikia hivyo, alitoka nje kuvuta hewa.

Siku moja baba alifungua pipa akaona unga umeng'ang'ania ukutani tu, mviringo mzima, na katikati hakuna kitu. Akaachana na matundu, akayaziba. Akakata mwanya mwembamba pembeni mwa bati, ukifuata ukuta wa pipa, ila upande ule upepo unapoingilia akauacha mzima.

Injini ilipowashwa, alikishika kitambaa cheusi cha Kogo kwenye mdomo wa bomba la nje. Kilibaki cheusi. Odera alifunua pipa, na unga ulikuwa umelala chini ya bati, umetulia.

"Imeshika," alisema.

Baba alikaa juu ya rundo la mbao akalia kwa sauti. Sikuwa nimewahi kuona mwanamume akilia, nikadhani ndivyo furaha ya wakubwa ilivyo, basi nikacheza na kupiga makofi mbele yake.

Mtoto alipona polepole, na leo ni mzee mwenye maneno mengi. Kogo alimwita Chumo mpaka mwisho. Baba hakuliweka jina hilo mdomoni mwake hata mara moja, alimwita kijana.

Nilikuwa mama wa watoto wangu mwenyewe nilipoelewa kilio kile. Baba alikuwa ameona jinsi jambo lenyewe lilivyokuwa dogo. Bati lile lilikuwa nyuma ya karakana tangu kabla Baba Mdogo hajaanza kukohoa. Tulikuwa tukianikia wimbi juu yake.