Mkono wa Kushoto wa Mama Sindano

Saa moja asubuhi, fahali mwekundu anapumua kwa kishindo ndani ya uchochoro wa vyuma. Mwanamke aliyevaa buti za mpira anampapasa shingo mpaka mshipa unajitokeza.

"Tulia, baba. Tunamaliza sasa hivi."

Sindano inaingia kwa mkono wa kushoto, na damu inateremka taratibu kwenye kichupa.

Shambani hapa wanamwita Mama Sindano. Kazi yake ni kuchukua damu ya ng'ombe wa nyama na kuwapima uzito, kimo cha bega na mzunguko wa kifua. Watafiti wanataka kujua kama vimeng'enya vilivyomo kwenye damu ya ndama vinaweza kuonyesha mapema ni yupi atakayejaza mwili.

Miaka miwili iliyopita, fahali mmoja alijirusha, akaubana mkono wa kulia wa Mama Sindano kwenye chuma. Mfupa uliunga, lakini vidole vikabaki vikavu kama vijiti.

"Daktari aliniambia nishukuru kwamba naweza kushika kijiko," anasema. "Msimamizi akanitafutia kazi ya kupokea simu ofisini. Mimi na simu wapi na wapi?"

Akaomba miezi mitatu ajaribu mkono wa kushoto. Kila jioni mumewe, fundi baiskeli, alijaza maji kwenye tyubu kuukuu, akaishikilia mapajani, mkewe akaidunga.

"Mimi ndiye niliyekuwa ng'ombe," mume anacheka. "Akikosea, naloa. Nikimwambia apumzike, ananijibu, 'Ng'ombe haongei, mume wangu.'"

Siku ya majaribio alipewa ng'ombe kumi na wawili. Mkono ukitetereka, chembe za damu hupasuka, vimeng'enya vyake humwagika, na kipimo hudanganya. Vichupa viwili vya kwanza vilipotoka kwenye mashine ya kutenganisha damu, majimaji ya juu yalikuwa mekundu badala ya manjano. Vimeharibika.

Msimamizi akamwambia kwa upole, "Dada, inatosha. Umejitahidi."

"Bado kumi," akajibu, akaita aletewe wa tatu.

Kumi hao wote walitoa majimaji safi, ya manjano kama nyasi kavu.

"Nililiegemea lile ng'ombe la mwisho nikalia," anasema. "Likaniacha nilie, maskini."

Mwakani, ndama wa kwanza aliowatoa damu kwa mkono wa kushoto watapanda mizani wakiwa wamekomaa.

"Futi ya kupimia kifua nitaishika mwenyewe," anasema. "Nataka nione kama damu yao ilisema kweli. Na kama ilituongopea, basi, tutaanza upya na ndama wengine."