Wajane Wawili, Jina Moja

Kabla sijaitwa mwandishi wa riwaya nilikuwa dada wa kompyuta. Duka lilikuwa Bugarama, kwenye ule upande wa barabara unaopokea vumbi lote la malori, na kazi yetu ilikuwa kuchapa barua, kutoa kopi na kupiga picha za pasipoti. Kati ya mteja mmoja na mwingine nilifungua faili la riwaya yangu, nikaongeza sentensi mbili, nikalifunga.

Kilicholeta watu wengi ni wasifu wa marehemu. Kwenye machimbo ya dhahabu ya jirani wanafia watu waliotoka mbali, na ndugu wanaosafirisha mwili wanataka karatasi ya kusoma kaburini. Walikuja na maelezo ya kalamu kwenye kipande cha daftari, gari likisubiri nje. Kwa hiyo nilitengeneza kiolezo, faili mama ambamo kila wasifu ulizaliwa. Maneno yasiyobadilika niliyatunga mwenyewe, kwa mbwembwe zote za mtu anayejiona fundi wa sentensi. Yanayobadilika, yaani jina la marehemu, kijiji, mjane, watoto, niliyawekea visanduku kwenye sifa za waraka, mahali palipojificha ndani ya programu ambapo wateja hawafiki. Unajaza jina mara moja kule, nalo linajitokeza kila linapotakiwa: juu, katikati, mpaka kwenye shukrani.

Siku moja jina la marehemu wa wiki iliyopita lilibaki kwenye wasifu wa mwingine. Nililiwahi kabla karatasi haijatoka dukani. Tangu hapo nikaiamuru programu irudi kwenye visanduku na kujaza majina upya kila inapochapa. Niliona hiyo ndiyo heshima yangu kwa wafu.

Kisanduku cha mjane kilikuwa kimoja. Nimekulia Usukumani, nimekaa kwenye misiba ambako wajane wawili au watatu wameketi mkeka mmoja, lakini nilipotengeneza faili lile niliweka kimoja.

Asubuhi moja alikuja mwanamume mpole, kofia mkononi. "Mwangaluka," akanisalimu Kisukuma, nami nikaitikia. Kaka yake, mchimbaji mdogo, alikuwa amefariki kwa homa, na walikuwa wanampeleka Kishapu kuzika. Nikajaza visanduku kutoka kwenye karatasi yake. Watoto walihesabiwa wote. Mjane alikuwa mmoja, yule aliyebaki Kishapu. Nilikuwa karibu kuchapa alipoingia mwanamke wa khanga, mtoto mmoja mgongoni na mwingine wa umri uleule amemshika mkono.

"Shemeji, mimi umeniandika?"

Mwanamume akatazama sakafu. "Mama mapacha, wazee wa kule hawakujui."

"Ndiyo uniandike wanijue. Watoto wangu umewahesabu, mama yao yuko wapi? Miaka sita nimemfulia nguo za shimoni. Nikifika pale bila jina nitakuwa nani, mpishi wa msiba?"

Mchimbaji aliyekuwa kwenye foleni ya picha akadakia: "Shemeji, mwandike bwana. Ugali wake ulikuwa unakuja kuula, au siyo?"

"Na wewe nenda kanawe uso kwanza," mama mapacha akamgeukia, "hiyo picha itatoka na udongo wote."

Tulicheka, hata mwanamume yule, machozi yakimlengalenga. Kisha akasema, "Mwandike, dada. Kaka aliishi naye. Nitasoma mimi mwenyewe, wazee wakikasirika wanikasirikie mimi."

Gari la msiba lilipiga honi. Nikafuta "mjane mmoja", nikaandika "wajane wawili". Njia sahihi baada ya hapo ilikuwa kurudi kwenye sifa za waraka na kuongeza jina kisandukuni. Ni mibofyo minne. Badala yake niliweka kishale palepale kwenye jina la mke mkubwa, ndani ya kile kivuli cha kijivu kinachoonyesha kwamba neno limetoka kisandukuni, nikaongeza "na", nikaongeza jina la mama mapacha kama walivyonitajia. Nikamgeuzia skrini. Alizifuata herufi kwa kidole bila kugusa kioo.

"Jina langu hilo," akasema, akatoka.

Nikabonyeza kuchapa. Nakala tano zilitoka zikiwa na joto, nikazitia kwenye bahasha bila kuzisoma.

Siku ya nne mwanamume yule alirudi peke yake. Aliweka nakala mbele yangu, kidole katikati ya ukurasa. "Marehemu ameacha wajane wawili," maneno yalisema, na baada yake lilikuwapo jina moja.

"Nilisoma wajane wawili," akaniambia. "Nikataja wa kwanza. Nikatafuta la pili, sikuliona. Watu wakageuza shingo, mmoja akauliza, wa pili yupi? Mbele ya wazee sikuthubutu kulitaja bila karatasi, dada. Nikaendelea na watoto. Mama mapacha aliliona jina lake hapa. Anasema nilirudi dukani nikalitoa. Amenifukuza, hata mapacha hataki niwaone."

Nilielewa kabla hajamaliza. Programu ilitii amri yangu: ilirudi kisandukuni, ikakuta jina moja, ikafuta nililoliongeza juu yake.

"Wewe ulifanyaje?" akauliza.

"Mimi niliandika kama mlivyoniambia."

Sentensi ile haikuwa na neno la uongo hata moja. Nilijua kupanga maneno, na siku ile niliyapanga hivyo. Alitikisa kichwa taratibu, kama anayeanza kujitilia shaka mwenyewe, akavaa kofia, akaondoka. Jioni niliandika kurasa tatu za riwaya. Zilitoka vizuri, na hilo ndilo linaloniumiza.

Zilipita wiki kadhaa. Mama mapacha akaja, amemshika mmoja wa mapacha mkono. "Dada, wewe ulikuwepo. Niambie tu. Shemeji alirudi hapa kulitoa jina langu?"

Nikamwambia hapana. Nikamwonyesha kisanduku, kivuli cha kijivu, jina linavyofutika. Alitazama likifutika mara mbili.

"Na yeye anajua?"

"Hajui. Alikuja kuniuliza, sikumwambia."

"Basi nimemtukana bure, mbele ya watoto." Alitoa simu, akatafuta namba, akaniwekea mezani. "Mwambie wewe. Nisikie."

Ilipokelewa. Nyuma ya sauti yake ng'ombe walikuwa wanalia, nafikiri alikuwa mnadani. Nikaeleza yote.

"Siku ile nilikuuliza," akasema.

"Uliniuliza, kaka. Naomba unisamehe."

"Nimelala na neno hilo kila siku. Nilidhani labda nilikosea kukutajia jina." Hakusema amenisamehe. "Yuko hapo? Mpe simu."

Mama mapacha aliichukua, akatoka nayo juani, wakazungumza Kisukuma kwa muda mrefu. Mimi nilifungua sifa za waraka, nikaongeza kisanduku cha mjane wa pili, nikachapa, safari hii nikasoma kila neno. Majina yote mawili yalikuwepo.

Alipoingia nilimpa. Aliisoma mpaka mwisho, akairudisha mezani.

"Sasa hii nani atamsomea nani?" akasema, akamshika mtoto mkono, akaenda zake.