Nilivyojikana mbele ya mtu wa uhamiaji Gisenyi, na viza ya mwekezaji nikapata

Wakuu, salaam. Nimeona jamaa humu anadhani ukinunua nyumba nchi ya watu, viza inajileta yenyewe. Ngoja niwape yangu, sitii chumvi.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilitoka Kigoma nikaingia Gisenyi, Rwanda. Nikanunua kiwanja karibu na Petite Barrière, mpaka mdogo wa kuvukia Goma, nikajenga vyumba vya kupangisha wafanyabiashara. Pale chumba hakikai tupu.

Nikaomba viza ya mwekezaji. Afisa akagoma. Akasema kumiliki nyumba si kuwekeza, hata aliyelala Kigoma anaweza kumiliki, huyo ni passive tu. Wao wanataka active investor, anayeendesha mali yake mwenyewe. Watakuja kukagua bila taarifa, wasiponikuta kazini naondoka nchini.

Mimi? Presha sina. Kila siku nilikuwa pale, nyundo mkononi.

Sasa siku hiyo nimo ndani ya shimo la choo, udongo mpaka kwenye kope. Akatokea jamaa nisiyemjua, viatu vinang'aa, anamuulizia bosi.

Wakuu, madalali wa vyumba walikuwa wananisumbua kinoma, na wote walivaa hivyo hivyo. Nikajibu bila kuinua kichwa: "Bosi kasafiri."

"Bon. Mi ni wa uhamiaji," akasema. "Umwambie asihangaike kurudi."

Nikapanda juu nikijieleza kwamba bosi ni mimi, jamaa ananiangalia tu matope yangu. Hakuamini hata kidogo, akageuka aondoke.

Aliyeniokoa ni mpangaji wangu Mama Furaha, muuza maharage wa Goma. Tulikuwa hatupatani kabisa. Akatoka chumbani amefura:

"Bosi ni ye huyu! Kila asubui iko hapa, anatusumbua juu ya choo, juu ya maji. Mumupatie hata congé, aende likizo, sisi tupumuzike."

Yaani sijawahi kufurahia kusemwa vibaya kama siku ile. Jamaa alicheka mpaka akashika ukuta.

Viza ilitoka. Siku ananikabidhi pasipoti akaniuliza, uso mkavu: "Bosi, umerudi salama?"

Somo langu ni hili: kama wapangaji hawajakuchoka, wewe bado ni passive.

Wenye uzoefu wa nchi nyingine mwageni hapa chini. Wa kubisha naye karibu, ila aanze kutuambia choo cha wapangaji wake alikiona lini.