Devota Kalinga na Ushuru wa Uchakavu

Mimi nauza spea Ilomba, Mbeya, na kazi hii imenifundisha kutowaamini watu wanaopenda magari. Nimewaona wanaume wazima wakinunua taa za rangi huku breki zao hazishiki. Kwa hiyo nikisema kwamba Devota Kalinga wa Igowole ndiye dereva ninayemheshimu kuliko wote waliowahi kuegemea kaunta yangu, ujue sijalewa sifa za mtu. Ananikera pia, lakini hilo ni jambo jingine.

Alianza kuja dukani akiwa anaendesha fuso la viazi la tajiri mmoja wa Mafinga. Anashuka, ananiamkia, "Shikamoo mjomba Zubery." Huku bara mtu mwenye asili ya pwani ni mjomba tu, hata kama amezaliwa Mbeya kama mimi na bahari anaiona akienda kuzika. Kisha anataja spea anayoitaka, anaipokea, anaigeuza chini juu, na kama haikumridhisha anaiweka kwenye kaunta taratibu bila neno. Wewe mwenyewe unajikuta umeingia stoo kumtafutia nyingine. Mwanzoni tabia hiyo ilinipandisha hasira sana.

Madereva wenzake ndio walionisimulia habari zake za masika. Barabara za vijijini kule Mufindi zikilowa, malori hulala chini ya kilima yakisubiri jua. Devota akifika hapo huvua viatu, akapanda kilima kizima peku, akikanyaga huku na huku, akirudi anajua tairi lipite wapi. Halafu anawasha, anapanda na viazi vyake, na waliolala wanaamshwa na honi yake akiwa ameshafika juu. Nilidhani wananitania mpaka siku nilipopanda naye nikaona kwa macho yangu.

Lakini fuso lilikuwa la kutafutia kula. Moyo wake ulikuwa kwenye mbio za magari. Tangu utotoni, kila alipopata nauli ya Iringa wakati wa mashindano, alikwenda kusimama kwenye kingo za barabara na kumezeshwa vumbi. Ukubwani alipata nafasi ya kuwa msoma ramani, yule anayekaa kushoto kwa dereva na kumtajia kona kabla hazijafika. Alikaa kiti hicho miaka miwili, kwenye magari ya watu. Kila alipoomba ashike usukani walau siku ya mazoezi, alijibiwa kwa upole kwamba mwenye gari hajaruhusu. Hilo jibu lilimchoma kuliko tusi. Akaamua kwamba atanunua la kwake.

Nilimwambia ni wazimu. Mwanamke hana nyumba, anataka Subaru ya turbo kutoka Japani, gari linalokunywa mafuta kuliko mlevi wa mnadani. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza bei ya plagi zake. Akalima viazi vyake mwenyewe pembeni ya kazi, akaweka akiba, na usiku alikuwa akipekua magari kwenye simu mpaka akalipata alilolitaka: Impreza ya rangi ya fedha, injini safi, bodi haijaguswa na kutu. Kodi alijipigia mwenyewe kwenye kikokotoo cha mtandaoni. Akalipa Japani, meli ikaondoka, na hesabu yake ilikuwa imekaa vizuri kabisa.

Gari lilipofika Dar es Salaam, wakala wake wa forodha alimpigia simu, naye Devota alikuwa amesimama mbele ya kaunta yangu. Nilimwona akisikiliza, kisha akikaa juu ya rimu iliyokuwa sakafuni. Kodi ilikuwa imezidi mno ile aliyoihesabu.

"Wamesema gari imevuka umri," akaniambia. "Kuna ushuru wa uchakavu juu yake."

"Si ulijaza mwaka?"

"Nilijaza mwaka ilioingia barabarani."

"Wanahesabu tangu ilipotoka kiwandani, Devota."

"Sasa mimi ningejuaje, mjomba? Ilitengenezwa, ikakaa kwenye uwanja wa muuzaji, mwaka uliofuata ndiyo ikasajiliwa. Kwetu mche ukikaa kitaluni, nani anauhesabia? Mti unaanza umri siku umeutia shambani."

Nilicheka. Niliomba radhi, lakini nilicheka, kwa sababu hakuna mtu mwingine chini ya jua angekosea kodi ya gari kwa hesabu ya miti isipokuwa mtu wa Mufindi. Watu wa kule akiba yao haikai benki, inasimama shambani. Mtoto akizaliwa, baba anapanda paini, na mtoto akifikia makamo ya kuhitaji ada au nyumba, miti inakuwa mbao. Ng'ombe wa maskini hazai, na wa Devota alikuwa amezaa dume.

Tatizo lilikuwa bandarini. Gari likikaa pale linatozwa hifadhi kila siku inayopita, na likizidi muda linapigwa mnada. Wakala, kijana mwenye ulimi wa asali, akampa njia. Atafutwe ndugu mwenye haki ya msamaha wa kodi ya gari, gari liingie kwa jina lake, basi. Na Devota alikuwa naye ndugu huyo: kaka yake Clement, mtumishi wa serikali, ambaye haki hiyo alikuwa nayo na hajawahi kuitumia. Alipopigiwa alikubali papo hapo, kwa moyo mweupe. Sitaki mtu amwone Clement mbaya. Alimpenda dada yake.

Kesho yake nilipanda fuso la Devota nikienda Iringa kwa jamaa zangu, tukapitia kwao Igowole. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka mlangoni. Mama yao, Paskalina, ambaye wote tunamwita Mama Clement, alitukaribisha jikoni kwenye moto, akatupa viazi vya kuchemsha na chai ya rangi. Alikuwa na habari za lile gari tangu mwanzo na alikuwa amekwisha kutoa hukumu. Mwanamke kukimbizana na wanaume kwenye vumbi halikuwa jambo la kujadiliwa nyumbani kwake.

Devota akampigia Clement, akaweka sauti kubwa ili mama asikie kwamba mambo yamekwisha. Clement akaeleza mpango wote. Mama alikuwa akichochea kuni, sikudhani anafuatilia.

"Clement," akasema, "wakikuuliza hiyo gari ya nani, utasemaje?"

"Nitasema yangu, mama. Ni jina tu. Itakuwa ya Devota."

"Itakuwa ya Devota lini?"

"Mpaka miaka ipite. Sheria hairuhusu kuibadilisha jina haraka."

"Na Devota akiulizwa?"

"Atasema ni ya kaka yake," Clement akajibu.

Mama alirudi kwenye kuni zake. Nilimtazama Devota, nikaona mkono wake umeacha kumenya kiazi. Nadhani alikuwa amelisikia lile jibu la miaka miwili, mwenye gari hajaruhusu, safari hii likitoka mdomoni kwake mwenyewe.

"Kaka, asante," akasema. "Acha. Nitalipa yote."

"Utalipa na nini?"

"Miti yangu ipo."

Marehemu mzee Kalinga, baba yao, alipanda mashamba mawili ya paini. La kwanza lilikatwa likamsomesha Clement chuo. La pili alimpandia Devota ukubwani ili ajenge, na lilikuwa bado changa, miti ya kuuzwa kwa bei ya huruma. Mzee alipofariki, aliyelitunza ni mama. Kila kiangazi alifyeka kwa mkono wake ukanda wa kulizunguka ili moto wa mashamba ya wenzake usiingie, na mwaka mmoja ulipoingia aliupiga kwa matawi mabichi mpaka nywele zikaungua. Shamba lilikuwa la Devota, lakini jasho lilikuwa la mama.

"Miti ni yako," mama akasema, akasimama. "Baba yako alikupandia wewe. Kata. Ila mimi hiyo gari sitaiangalia. Usiilete hapa." Akatoka nje kwenye ukungu, na hakurudi mpaka tulipoondoka.

Ndani ya fuso nilimshauri Devota akubali lile la Clement. Nilisema watu wangapi wanafanya, nani atajua, kwa nini auze nyumba yake ya kesho ili alipe ushuru ambao angeweza kuukwepa. Alikuwa analia, ila gari lilikwenda sawasawa tu, hata gia hakuikosea. "Mjomba," akaniambia, "nikipita mlango huo, kila nitakapokanyaga mafuta nitakuwa nimeazimwa gari."

Wanunuzi wa miti walikuja na misumeno yao ya injini. Bei waliyompa ilikuwa ya kuchefua, wakamwonyesha wembamba wa magogo, na walikuwa na haki. Walikata shamba lote. Mama alishinda ndani amefunga dirisha, mlio wa misumeno ukampata hivyo hivyo. Devota alibaki shambani tangu mti wa kwanza mpaka wa mwisho. Angeweza kumwachia mtu amsimamie, wengi wangefanya hivyo, lakini yeye alisimama akaangalia kila mmoja ukilala.

Kodi ikalipwa, na ushuru wa uchakavu ndani yake. Alikwenda Dar es Salaam mwenyewe kulichukua gari, akapanda nalo mlima Kitonga polepole akisikiliza injini, na wiki iliyofuata akalileta Ilomba nilione. Vijana wa gereji wakalizunguka. Mmoja akamuuliza, "Ndinga ya nani hii, sista?" Akajibu, "Yangu," na akarudia tena bila kuulizwa. Nikajisikia fahari ya kijinga, kama mtu aliyechangia chochote.

Miezi ile ya maandalizi nilimuuzia vitu kwa bei ya kununulia, na mke wangu Ruwaida hajanisamehe. Mama Clement hakuwa akimpigia binti yake. Devota alipiga kila Jumapili, wakasalimiana, wakazungumza mvua na viazi, na hakuna aliyetaja gari wala shamba. Aliniambia afadhali angetukanwa.

Mashindano yalifanyika Iringa. Niwaambie matokeo mapema ili msikae mkao wa kusubiri kombe: alimaliza akiwa karibu na mkia. Ila alimaliza. Kwenye kipande cha njia ya upande wa Tosamaganga palipokuwa na tope, alitumia muda mfupi kuliko watu waliokuja na mafundi wanne na hema la kivuli. Siku moja kabla alikuwa amekipita kile kipande chote peku, na wenye hema walimcheka.

Ninachotaka kusimulia kilitokea asubuhi ya kwanza, kabla gari halijawashwa. Magari yote hukaguliwa uwanjani. Tulikuwa tumelizunguka la Devota wanaume watatu: mimi, fundi wetu Lusekelo, na Clement, aliyeomba ruhusa kazini akaja na shati lake la pasi. Devota na msoma ramani wake, binti anayeitwa Lea, walikuwa upande wa pili wakifunga mikanda. Mkaguzi alikuja na karatasi zake, mtu mwenye haraka na asiye na ubaya wowote. Alitutazama sisi watatu, macho yake yakatua kwenye shati la Clement.

"Mwenye gari ni wewe, mzee?"

Clement akafungua mdomo. Nyuma yetu, kwenye kamba ya watazamaji, sauti ikasema, "Hapana."

Tukageuka. Mama Clement alikuwa amesimama pale na kitenge chake cha kanisani na koti la sufu, viatu vimejaa vumbi la stendi. Hakuna aliyekuwa amemwita. Kutoka Igowole kufika saa ile, alikuwa ameondoka nyumbani usiku. Alinyanyua kamba, akapita chini yake bila kuomba ruhusa, akaenda mpaka lilipo gari ambalo alisema hataliangalia. Akaliangalia. Aliangalia tairi, akaangalia mlango, akaweka kiganja chake juu ya paa.

"Hiyo gari ni ya yule," akasema, akimwonyesha binti yake. "Devota Kalinga. Ushuru kalipa wote. Mpaka wa uchakavu kalipa."

Mkaguzi alisema sawa, mama, akaandika. Kisha akazunguka upande wa pili na kumwomba Devota afungue boneti.